Mdomo wa Gunia la Verediana

Naitwa Verediana binti Gervasi. Nimezaliwa Mwamgongo, kule kaskazini mwa Gombe, ambako ukitaka kwenda hospitali unapanda boti, na ukitaka kugombana na mtu wa kijiji kingine unapanda boti vilevile. Siku hizi nakaa Kasingirima, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe. Siyo kwa mshahara wa mume, siyo kwa urithi. Kwa dagaa. Kila tofali la nyumba hii lilianza likiwa na macho mawili na mkia.

Naandika habari hii kwa sababu kule Katonga, mwalo wetu wa kutua mitumbwi na kukaushia dagaa, wanaisimulia vibaya. Wapo wanaosema niliwashinda watu wa kompyuta kwa dawa. Wapo wanaosema mpangaji wangu Aikande ndiye aliyefanya yote, mimi nilikaa tu natafuna. Sasa nasema mwenyewe ilivyokuwa, na anayebisha aje nyumbani, asubuhi mlango uko wazi.

Nianze na mama yangu, Honorata, maana bila yeye hakuna habari. Mama alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kukausha dagaa na kuwaleta Kigoma kwa boti, wapakiwe kwenye treni kwenda Tabora na Dar es Salaam. Herufi hakujua hata moja, na wapagazi wengi wa stesheni hawakujua pia. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa na namna yake ya kushona mdomo wa gunia. Huyu anatumia uzi mweupe, yule anaacha vifundo pembeni. Mama alitumia uzi wa bluu wa nyavu. Alianzia kushoto, anakwenda mbele mara mbili, anarudi nyuma mara moja, mshono unalala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, na katikati anaacha kitanzi kikubwa kama sikio la mbuzi. Gunia likifika Dar, mpokeaji analishika sikio anasema, hili la Honorata, liwekeni huku. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mimi nilifundishwa hivyo hivyo, kwa mkono wa kushoto, ingawa kula nakula kwa kulia. Mama alinipa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, akaniambia, "Lishike kama ninavyolishika mimi au usilishike." Nikalishika. Mpaka leo mkono wangu wa kulia haujui kushona gunia, na sijawahi kuulazimisha.

Baadaye kikaja kisomo cha watu wazima. Nilikwenda na mtoto mgongoni, nikajifunza kuandika jina langu. Siku nilipoliandika lote bila kutazama ubao, nililiandika kila mahali: mlangoni, kwenye ndoo, kwenye beseni, kwenye miti ya chanja. Chanja ni yale majukwaa ya miti na nyavu tunayokaushia dagaa juu juu, wasiguse mchanga. Na mwaloni ndivyo tulivyo. Kitu kisicho na jina ni cha aliyekiokota. Mtumbwi una jina, karabai ina jina, hata sufuria ya uji ina jina. Basi magunia yangu nayo nikayapiga VEREDIANA kwa rangi nyekundu, mbele na nyuma. Mshono wa mama niliendelea nao kwa sababu mkono ulikuwa umezoea, lakini sikuuhesabu tena kuwa ni kitu. Mwenye herufi nilikuwa mimi.

Sasa Aikande. Huyu ni binti wa Upareni, serikali ndiyo iliyomleta Kigoma, anafanya kazi ya uhasibu ofisini. Alipopanga chumba kwangu alikuwa haingii jikoni bila kugonga. Siku hizi anaingia na kufunua sufuria. Jioni moja, anakula dagaa wangu wa mawese, akasema, "Bibi, dagaa safi namna hii unawapa madalali? Kwa nini usifungue duka kwenye simu?"

"Duka kwenye simu litakaa wapi?"

"Linakaa kwenye picha. Mtu wa mbali anaona picha kwenye lile soko la mtandaoni, anaagiza, tunamtumia kwa basi."

"Na asipoonja atajuaje?"

"Ataamini picha, Bibi."

Nilicheka sana. Lakini Jumamosi akaja Katonga na simu yake, akapiga picha chanja zangu zimejaa dagaa wanang'aa kama sindano mpya. Na watu waliagiza kweli! Dodoma, Singida, Dar. Nikaanza kushona vifuko vidogo vya turubai badala ya magunia, maana mtu wa simu hanunui gunia zima. Katonga wakaniita Mama Picha. Nikaitika.

Halafu siku moja Aikande akarudi kazini uso umemshuka. Chini ya picha yetu, mama mmoja wa Morogoro alikuwa ameandika maneno. Akanisomea: "Dagaa hawa ni mchanga mtupu, jino langu limevunjika, huyu bibi ni tapeli."

Tapeli! Mimi! Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. "Morogoro sijapeleka hata kichwa cha dagaa," nikasema. "Tafuta huyo mama kanunua wapi."

Aikande akatafuta, akapata. Kulikuwa na bwana mwingine, na duka lake kwenye soko lilelile, na picha yake ni picha yetu. Chanja zangu! Hata kiraka cha wavu wa kijani nilichokishona mwenyewe kilikuwa kinaonekana. Anachukua dagaa wa kuanikwa chini, wamejaa mchanga, anawauza kwa sura ya dagaa wangu. Yule mama alipovunjika jino akaitafuta picha ile, akatukuta sisi kwanza, akatumwagia sisi.

"Andika jina langu," nikamwambia Aikande. "Juu ya picha. Kubwa."

"Bibi, sheria za soko zinakataa. Picha isiwe na maandishi yaliyoongezwa, wala namba ya simu, wala muhuri uliobandikwa juu yake. Bidhaa ionekane yenyewe."

"Sheria ya nani? Katonga hata ndoo ya kinyesi cha bata ina jina."

"Watatupa onyo."

"Waniletee hapa hilo onyo nilione."

Akaandika, maana kodi analipa lakini nyumba ni yangu. VEREDIANA WA KATONGA, kwa wino mwekundu, kutoka kona hadi kona, na namba ya simu juu yake. Dagaa walikuwa wanachungulia katikati ya herufi. Mimi niliona ni picha nzuri kuliko zote.

Onyo likaja hata chai haijapoa. Picha imeondolewa.

Haya. Nikasema, kama hawataki herufi zibandikwe, tutapiga nyingine safi. Nikatoa dagaa bora kabisa, wale wa giza la mwezi, wakati mitumbwi inapata wengi na unaweza kuchagua. Na kwa heshima ya wateja nikatandika chini kanga yangu mpya, ile niliyonunua kwa ajili ya harusi, nikaumwaga mlima wa dagaa juu yake. Aikande naye akaiona imependeza. Akapiga, akatuma.

Onyo la pili. Picha ina maandishi.

"Maandishi gani?" nikapiga kelele. "Wana wazimu? Iko wapi herufi?"

Aikande akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kucheka mpaka machozi. Kanga! Pindoni kwa kanga lilikuwa jina la kanga, limetokeza chini ya dagaa, linasomeka lote. Maisha yangu yote nimevaa maneno kiunoni na sikuwahi kuyaona kuwa ni maandishi. Kanga ni kanga. Mashine yao ilikuwa imeyaona.

Mimi sikucheka. Kwa sababu chini ya onyo kulikuwa na mstari mwingine, na Aikande alipousoma naye akaacha kucheka. Kosa la tatu, duka linafungwa na halifunguliwi tena kwa jina hilo.

Kwa jina hilo. Yaani Verediana afutwe, na yule bwana abaki na picha ya chanja zangu, na watu wa Morogoro wabaki wanajua kwamba tapeli ni mimi. Nilikwenda kulala bila kula, na mimi si mtu wa kulala bila kula.

Kesho yake Katonga habari ilikwisha kufika. Brigita, ambaye chanja zake zinapakana na zangu tangu tukiwa wasichana, alinipokea kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Mama Picha! Nasikia wamekufukuza sokoni kwa ajili ya kuvaa kanga!"

"Kanga ilikuwa imetandikwa, Brigita. Usiongeze."

"Basi piga picha uchi!"

Wakacheka wote, na wavuvi wakacheka. Nikamwambia, "Ningepiga picha yako wewe, lakini nauza samaki, siuzi magome." Akacheka zaidi. Ndivyo tulivyo na Brigita. Lakini alipomaliza kucheka akanisogelea, akasema taratibu, "Acha hilo soko, Verediana. Sisi tunakujua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko. Sisi tunakujua. Nikakaa chini, nikachukua shazia, nikaanza kushona gunia la dagaa wa kumpelekea mdogo wangu Tabora. Mbele mara mbili, nyuma mara moja. Nilikuwa na hasira, na mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nikafika katikati, nikaacha sikio. Akapita mpagazi mzee, mtu wa Ujiji, hajasimama hata kidogo, akasema, "Gunia la kina Honorata hilo, linakwenda wapi?"

Mama yangu amekufa zamani. Na gunia lile nilikuwa bado sijaliandika rangi.

Nikampigia Aikande akiwa kazini. "Hiyo sheria yako," nikasema, "inakataza uzi?"

"Uzi gani, Bibi?"

"Uzi. Kifuko kikiwa kimeshonwa, na mshono uonekane kwenye picha, ni kosa?"

Akasoma tena, nikamsikia anasoma kwa mdomo. "Kinachokatazwa ni kuongezwa juu ya picha. Kilicho kwenye bidhaa yenyewe, kinachomfikia mnunuzi, ni sehemu ya bidhaa. Halafu uzi si maandishi."

"Basi njoo na simu."

Picha ya tatu ilikuwa hivi: shuka jeupe tupu, nimelikagua mwenyewe pande zote mpaka upindo. Juu yake sinia la dagaa. Nyuma ya sinia kifuko cha turubai kimesimama, mdomo wake umeshonwa kwa uzi wa bluu, sikio limenyooka juu. Herufi hakuna. Aikande alipobonyeza kutuma nilimshika mkono mpaka akalalamika.

Ikapita. Mashine haikusema kitu. Wateja wakarudi, mmoja, halafu wengine, na chini ya picha wakaanza kuandika, "Changu kimefika na sikio lake."

Mngedhani imekwisha. Haikwisha. Yule bwana akaiiba na hiyo! Tena safari hii akawahi yeye kulalamika, kwamba kuna bibi wa Kigoma anatumia picha zake. Soko likasimamisha maduka yote mawili. Picha moja, wakasema, haiwezi kuwa ya watu wawili. Mmoja wetu duka lake litafungwa kabisa.

Akatupigia kijana wa soko anayeshughulikia malalamiko, anaitwa Erasto, yuko Dar. Aliongea kwa adabu, sitamsingizia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepiga kunifungia?"

"Hapana, bibi. Naomba picha halisi, ile ya kwanza kabisa kutoka kwenye simu iliyopiga."

Simu iliyopiga! Aikande alikuwa ameiangusha ndani ya beseni la dagaa wabichi siku chache nyuma, ikafa hapo hapo, imetapakaa magamba. Alikuwa ameazima nyingine. Yule bwana, kwa upande wake, alikuwa amesema simu yake imeibiwa. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kitu.

"Sasa hapo, bibi," Erasto akasema, "mimi naona neno lako na neno lake. Ungekuwa na jina lako kwenye picha..."

"Jina si mlilikataa nyinyi?"

Akasema, "Tulilikataa kwa sababu yeyote anaweza kuliandika. Angeweza hata yeye kuandika Verediana."

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini hilo neno lilinikalia sawasawa. Ni kweli. Rangi nyekundu inauzwa dukani. Akiandika Verediana, inasomeka Verediana. Nikasema, "Mwanangu Erasto, sikiliza. Kifuko kile kwenye picha kimeshonwa na mtu. Mwambie huyo bwana achukue shazia na uzi, na mimi nichukue shazia na uzi. Tushone wewe unatazama."

"Utaratibu wetu, bibi, hauna..."

"Utaratibu wenu una macho? Basi tumia macho."

Aikande alikuwa ananibana paja nipunguze sauti. Lakini Erasto alicheka, akasema ataomba ruhusa kwa mkubwa wake. Ruhusa ikatoka. Tukapangiwa Jumamosi asubuhi, kwa simu za kuonana uso kwa uso, watu watatu kwenye kioo kimoja: Erasto, mimi, na yule bwana.

Nilikaa mwaloni, kwenye gogo langu, nimevaa gauni bila kanga. Brigita na wenzake wote walikuwa nyuma ya Aikande, wameambiwa wanyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu Katonga iwepo wakanyamaza. Kwenye kioo nikamwona yule bwana. Shati limepigwa pasi. Pembeni yake kuna mtu amemleta, fundi wa viatu kwa jinsi alivyolishika shazia, na mbele yao wameiweka picha yetu waigilizie.

"Huyu ndiye mshonaji wangu," bwana akasema. "Huyo bibi ametumwa tu."

"Ametumwa na nani?" nikamwuliza. "Nitajie, nimdai nauli."

"Tuanze," Erasto akasema.

Yule fundi hakuwa mjinga. Alishona imara, mkono mwepesi. Aliangalia picha, akaenda mbele mara mbili, akarudi mara moja, akaacha hata kitanzi. Niliogopa, siwafichi. Mimi nikainamisha kichwa nikashona kama ninavyoshona, naongea na Erasto nikimwuliza kama kwao wanakula migebuka, samaki wetu wa ziwani, nikamaliza, nikakata uzi kwa meno.

"Inueni," akasema Erasto.

Tukainua. Na hapo hata kuku angeona. Mshono wake ulilala upande wa kulia. Wangu ulilala kushoto, kama ule wa kwenye picha. Fundi yule alianzia kulia, kama wanavyoanzia watu wote wenye mkono wa kulia, na uzi hauna namna nyingine, unalala kufuata mkono. Erasto akakisogeza kioo karibu na macho yake, akaangalia picha, akaangalia vifuko, akarudia.

"Bwana," akasema, "naomba ashone tena, ulale kushoto."

Fundi akageuza kifuko, akageuza shazia, akajaribu, uzi ukajikunja, kitanzi kikaanguka chini kama sikio la mbwa aliyenyeshewa. Akamtazama bwana wake, akasema kwa sauti ndogo lakini wote tulisikia, "Bosi, hii mimi siijui. Aliyeshona hii anatumia mkono mwingine."

Bwana akazima simu. Kioo chake kikawa cheusi, tukabaki mimi na Erasto tunatazamana.

"Bibi," akasema, "nani alikufundisha?"

"Honorata wa Mwamgongo. Mwandike."

Hapo Brigita akashindwa kunyamaza, akapiga vigelegele, na wote wakapokea, na wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakapokea bila kujua ni vya nini. Erasto aliisogeza simu mbali kwa kelele. Lile duka la yule bwana likafungwa siku hiyohiyo, na letu likafunguliwa, na maneno ya mama wa Morogoro yakaondolewa kwenye picha yetu. Lakini mimi sikutaka yaondolewe tu. Nilimtumia mama yule kifuko bure, kimeshonwa. Akanijibu kwa picha: sikio la bluu amelining'iniza kwenye msumari jikoni kwake, na chini yake anacheka na pengo. Aikande ameiweka hiyo picha kwenye uso wa simu yake mpya. Kwenye duka hatuwezi kuiweka, ukutani kwa yule mama kuna kalenda, na kalenda ina maandishi.

Brigita alikuja Jumatatu na kifuko na uzi mwekundu. Akakaa kwenye gogo langu bila kukaribishwa.

"Nifundishe sikio," akasema.

"Sikio langu hulipati."

"Una roho mbaya, Verediana."

"Ninayo. Shona la mama yako."

"Mama yangu alikuwa analima mihogo, alikuwa hashoni chochote."

"Basi shona jani la muhogo."

Alinitazama nikadhani atanipiga na shazia. Halafu akainama, akaanza. Likatoka jani, vidole vyake vyote, vimejipinda kidogo. Aikande akalipiga picha kwenye shuka jeupe. Siku hizi ukifika Katonga asubuhi utatukuta tumejipanga kwenye magogo, na kila mmoja na mdomo wake wa gunia: yupo mwenye jani, yupo mwenye jicho, yupo mwenye ngazi. Jina langu bado naliandika, kwenye mlango na kwenye ndoo. Kwenye gunia nimeacha. Nikifika katikati navuta uzi, nanyanyua sikio, na wapagazi wanajua.